Simu Inayozunguka Usangu

Baba mkwe wangu alipokuja kukaa kwetu Iyunga, Mbeya, nilikuwa nikitaka kumwambia kwamba chakula kiko tayari nampigia simu mume wangu. Mume wangu yuko bondeni Usangu, anatengeneza mashine za kukoboa mpunga. Yeye akishanisikia ananikatia, anampigia baba yake. Simu ya mzee inalia chumba cha pili, ukutani kwangu hapo hapo, naisikia kabisa, na mzee anaipokea kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inafika kweli: "Haloooo!" Halafu anaambiwa na mwanawe aliye huko mpungani kwamba chakula kiko nje ya mlango wake. Mimi nimesimama jikoni na mwiko mkononi, nacheka peke yangu.

Lazima nieleze, maana mtu wa pwani akisikia hivi atasema huyu mwanamke ana wazimu.

Mimi ni Mhehe wa Ilula. Kwetu baba mkwe ni baba. Unapiga goti, unamwamkia, unamnawisha mikono, na akiwa mcheshi mnachambua maharage pamoja huku mkiwasengenya majirani. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, na kwao mambo ni mengine. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawaongei, hawapishani mlangoni. Mkamwana akimwona mzee anakuja njia hii, anaacha njia, anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Wenyewe wanaita kutila, yaani kuogopa, ila ni woga wa heshima, siyo ule wa kuogopa nyoka. Siku hizi wengi wameacha. Utawakuta kanisani wanashikana mikono na wake za watoto wao bila wasiwasi. Baba mkwe wangu hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, Biblia anaijua kuliko mchungaji, lakini kwenye hilo hakusikia la mtu.

Nilipoolewa, shangazi wa mume wangu alinikalisha kwenye mkeka akaniambia, "Wewe mtoto wa Kihehe, midomo yenu tunaijua. Kwa baba mkwe wako, huo mdomo uuweke kabatini na ufunguo nipe mimi." Nikaitikia, tukacheka. Sikuona shida. Sisi tulikaa mjini, mzee alikaa kwake mlimani, na tukikutana ilikuwa kwenye misiba, kila mmoja akitazama upande wake.

Kisha mguu wake ukapata kidonda, kidonda kikakataa kupona, na kumbe ilikuwa kisukari. Kliniki ikawa Mbeya mjini. Mume wangu akamleta kwetu, akampa chumba cha mwisho wa korido, chenye mlango wake wa kutokea uani, ili tusipishane. Daktari alisema jambo moja, akalirudia mbele ya mume wangu kama anayemwambia mtoto: mzee akishachoma sindano yake, ale. Asichelewe. Asipokula, sukari itashuka, na ikishuka sana anaweza kuzimia, na akizimia bila mtu wa karibu basi tena. Mume wangu alinieleza hayo tukiwa jikoni. Nikamwambia, "Chakula ni kazi yangu, wewe usiwe na hofu." Ndivyo nilivyosema.

Basi tukajitengenezea utaratibu. Asubuhi na mchana naweka chakula kwenye stuli nje ya mlango wake, nimekifunika. Narudi jikoni, nampigia mume wangu, yeye anampigia baba, baba anasubiri mpaka asikie nimefunga mlango wa jikoni, ndipo anafungua wa kwake. Akimaliza anarudisha vyombo kwenye stuli. Malalamiko nayo yalipitia njia ile ile. "Mke wangu, baba anasema ugali wako mtu anaweza kujengea nyumba."

"Mwambie alete saruji yake."

"Siwezi kumwambia hivyo baba."

"Basi mwambie nitapika ndizi."

Nilimpikia ndizi, nikaweka na nyama kidogo na nazi. Jibu likarudi kutoka Usangu kwamba mzee amesema huyu mtoto anajifunza. Nilifurahi mpaka nikajishangaa.

Lakini niseme na lile ambalo shangazi hakulijua. Mila ile niliipenda, na siyo kwa heshima. Niliipenda kwa sababu ilinipa nafasi. Rafiki zangu waliokaa na wakwe wagonjwa walikuwa hawana muda: mzee anataka kuzungumza, mzee anataka kusomewa gazeti, mzee anataka kujua kwa nini mkate umepanda bei. Mimi nilikuwa na mgonjwa ndani ya nyumba na sidaiwi hata "shikamoo". Nilikuwa nafunga mlango wangu, nafungua kompyuta, nafanya kazi zangu kama mtu anayeishi peke yake. Na watu wananisifu kwa adabu! Kila nikisifiwa nilikuwa nageuza mazungumzo, naendelea.

Kazi yangu mimi ni mitandao. Nimeajiriwa na kampuni ndogo inayohudumia hospitali na shule, na nyingi ya kazi hizo nazifanya nikiwa nyumbani. Mojawapo ya hospitali hizo iko mkoani Iringa, kwetu, ya misheni. Sitaitaja, haina kosa lolote. Pale kuna seva moja, boksi la chuma lililofungiwa kwenye kichumba chenye feni. Ndani ya boksi hilo hakuna kompyuta moja, kuna kadhaa. Siyo za kushika kwa mkono. Ni mashine pepe, kompyuta zilizotengenezwa kwa programu, kila moja ikijiona ina boksi lake na maisha yake. Moja ilikuwa ya mapokezi, ambako kila mgonjwa anaandikishwa na daktari anasoma taarifa zake. Nyingine ilikuwa ya maabara, inayotunza majibu ya vipimo mpaka ile ya mapokezi iyaombe. Ziko boksi moja, zinakula umeme mmoja, lakini ili ziongee lazima zipite kwenye mtandao, kama watu wa nyumba mbili.

Siku yenyewe ilianza kwa umeme wa kule kukatika asubuhi na betri ya akiba kushindwa kazi. Umeme ulipowaka tena, seva iliamka, mashine zote zikaamka, na nikapigiwa simu na dada wa maabara. Huyu tulikuwa tumeshazoeana, tunataniana. Akanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, fundi. Mapokezi hawatuoni. Majibu yote yamekwama humu ndani, tumeanza kuyaandika kwenye karatasi na kukimbia nayo wodini. Viatu vyangu vimekwisha."

Nikamwambia, "Vua viatu, nakuja." Nikavaa vipokea sauti vyangu vya masikioni, nikaingia kwenye seva yao nikiwa hapa hapa Iyunga.

Anayetafuta ugonjwa wa mtandao anaanza na salamu. Unakaa kwenye mashine hii, unatuma neno fupi kwa ile, na ile ikiwa hai inarudisha. Sisi tunaita pingi. Niliketi kwenye mashine ya mapokezi, nikaisalimia maabara. Kimya. Nikasalimia tena. Kimya. Sasa hapo kuna fundi wa akili na fundi wa hasira, na mimi, jamani, nimezaliwa Ilula. Wiki chache nyuma pale pale palikuwa na hitilafu kwenye swichi, ile njia panda inayounganisha mashine hizo ndani ya seva, na niliirekebisha mwenyewe. Kwa hiyo nikaamua hapo hapo kwamba ni swichi tena. Sikuuliza, niliamua. Nikaanza kuifungua swichi na kuifunga, kuchomoa mashine na kuchomeka upya, kukagua anwani moja moja. Kila kitu kilikuwa sawa na bado salamu haijibiwi.

Katikati ya hayo muda wa chakula cha mchana ukafika. Hilo sikusahau, na kwa Mungu wangu nasema sikusahau. Nilivua vile vya masikioni, nikapakua ndizi, nikapeleka kwenye stuli, nikafunika. Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa. Nikarudi jikoni, nikampigia mume wangu. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Aliniambia tangu jana kwamba ataingia mashamba ya ndani ndani, kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, huko ambako simu inakuwa tochi tu.

Ilishatokea hivyo siku nyingine, na tulikuwa na njia ya dharura niliyofundishwa na shangazi. Unakwenda koridoni, unageukia ukuta, unasema na ukuta. Humsemeshi mzee, unasemesha nyumba. Nikaenda, nikakohoa, nikageukia ukuta nikasema, "Haya jamani, chakula kimeshaiva humu ndani." Sikusikia kitu. Na sikutegemea kusikia, kwa sababu mzee hajawahi kunijibu hata siku moja. Kujibu kwake ingekuwa kuvunja. Nikarudi kwenye kompyuta, nikafunga mlango kwa kishindo kidogo ili ajue nimeondoka.

Dada wa maabara alikuwa ananisubiri. "Fundi, daktari ananiuliza majibu ya mama mjamzito, nimwambie nini?"

"Mwambie aende na miguu yake, haipo mbali."

Nikarudi kwenye swichi. Niliwasha seva upya, jambo ambalo ukilifanya bila kujua unatafuta nini ni sawa na kumtikisa mgonjwa. Kimya kile kile. Nikatoka kwenda kunywa maji, nikachungulia korido. Sahani iko vile vile, imefunikwa.

Nikasimama pale. Nakumbuka niliwaza mambo mawili. Kwanza niliwaza amelala. Kisha nikawaza, la, anasubiri nifunge mlango vizuri, huyu mzee ana msimamo. Nikasema tena na ukuta, safari hii kwa sauti ya juu kidogo na, nisijifiche, kwa kero kidogo: "Chakula kinapoa jamani!" Kimya. Mkono wangu ulikuwa karibu na kitasa cha mlango. Ningeweza kugonga. Ningeweza kumwita jirani mwanamume. Lakini kichwani nilikuwa na ile swichi, na mila ilikuwa imenishika mkono kwa upole, inaniambia rudi ukafanye kazi yako, hapa si mahali pako. Nikarudi. Nikavaa vile vya masikioni.

Aliyenifumbua macho kule kazini ni uchovu. Nilishajaribu kila kitu upande wa mapokezi, nikaona sasa acha niende nikakae upande wa pili, kwenye maabara yenyewe. Kuna njia ya kuingia kwenye mashine pepe bila kupita kwenye mtandao wake, unaingilia kwa seva, kama kupita dirishani. Nikaingia. Weee! Mashine ilikuwa nzima kabisa. Inafanya kazi zake kama kawaida. Nikaiambia iisalimie mapokezi, na mapokezi ikajibu papo hapo. Nikashangaa. Kumbe kutoka inaweza, tatizo ni kuingiliwa. Nikafungua kumbukumbu za fayawoli yake, yaani mlinzi wake wa mlangoni, na nikazikuta salamu zangu zote. Zote! Zilifika moja moja tangu asubuhi, na mlinzi alizipokea na kuzitupa.

Sababu ilikuwa ya kipuuzi. Umeme uliporudi, mashine ile iliamka mapema kuliko wenzake, ikaangalia huku na huku, haikumtambua mtu, ikajihesabu iko ugenini. Na mashine ikiwa ugenini inafunga milango yote na haimjibu yeyote. Hata wenzake walipoamka, haikubadili mawazo, na nilipowasha seva upya ikarudia yale yale. Nikabonyeza mahali pamoja tu, nikaiambia hapa ni nyumbani. Milango ikafunguka. Majibu yakaanza kumiminika kwenda kwa madaktari.

Nilipiga kigelegele. Dada wa maabara naye akapiga cha kwake kule Iringa, nikasikia na wenzake wanashangilia. Nikacheka, nikacheka mpaka machozi, kwa ile raha ya mtu aliyepigwa chenga siku nzima halafu akafunga bao. Dada akaniuliza, "Kwani ilikuwa nini?" Nami bado nacheka nikamwambia, "Mwenzangu, ilikuwa inanisikia muda wote! Ipo, nzima, inanisikia. Imekatazwa kujibu tu!"

Nikasikia nilichosema.

Mtu asije akaniambia kwamba Mungu alinifundisha kwa mashine. Nimeshaambiwa hivyo kanisani na sitaki kusikia tena. Angetaka kunifundisha angenifundisha sahani ilipokuwa ya moto. Nilivua vile vya masikioni nikakimbia koridoni. Sahani ile ile. Sikusema na ukuta. Niligonga, nikaita, "Baba!", neno ambalo sijawahi kumwita, nikafungua mlango.

Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta. Shati limelowa jasho kama aliyenyeshewa. Simu yake ilikuwa juu ya meza, kwenye chaja, mbali na mkono wake. Macho yalikuwa wazi. Na alichofanya aliponiona, hiki ndicho kinachonijia mpaka leo nikiwa nakosha vyombo: alinyanyua mkono, akajifunika uso. Hakutaka nimwone. Hata pale.

Nilikimbilia sukari. Niliikoroga kwenye maji, nikarudi, nikampakata kichwa, nikamnywesha kidogo kidogo, nyingine inamwagika kidevuni naifuta kwa kanga yangu. Nilikuwa nalia na kumgombeza kwa wakati mmoja, kwa Kiswahili na Kihehe, sijui nilisema nini. Meno yake yalikuwa yanagonga kikombe. Baadaye akaanza kumeza mwenyewe. Jirani yetu mwenye bajaji alinisikia akaja, tukambeba, na mimi nilishika upande wa kichwa njia nzima mpaka hospitali. Macho aliyafumba, na mimi nilijua kwamba hajazimia.

Alipona. Niseme mapema, alipona. Daktari alisema tumewahi, lakini kwa dakika chache tu. Mume wangu alifika na vumbi la Usangu mpaka kwenye nyusi. Nikamvuta kando ya mlango wa wodi, nikamweleza yote kama yalivyokuwa: kwamba nilikwenda mlangoni nikaondoka, nikaenda tena nikaondoka, kwamba mkono wangu ulikuwa karibu na kitasa, kwamba nilikuwa nacheka. Sikumficha hata moja. Akanishika mabega akasema, "Umemwokoa baba."

"Hujanisikia."

"Nimekusikia. Ungefanyaje? Mila ni mila. Mimi ndiye niliyekwenda mahali pasipo na mtandao."

Nikamweleza shangazi. Yeye akasema kosa ni la mzee kufunga mlango. Nikampigia mama yangu Ilula, muuza nyanya wa kando ya barabara ambaye hajawahi kuniachia kosa hata moja tangu nikiwa mtoto, nikajua huyu sasa atanisema. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umemshika mgonjwa wa watu, Mungu amekuona." Akina mama wa jumuiya walikuja na mchele na sabuni, wakaimba, wakaniombea baraka. Bosi wangu alinipigia kunipongeza kwa ile kazi ya hospitali ya Iringa. Kila mtu alikuwa na pongezi, hakuna aliyetaka kupokea kosa langu. Nilikuwa natembea nalo kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenyewe asiyejulikana, kila mlango anaambiwa si hapa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kunihukumu, na huyo ndiye nisiyeweza kuongea naye.

Mzee aliporudi kutoka hospitali, mume wangu aliomba siku za kukaa nyumbani. Sasa simu hazikuzunguka tena. Alikuwa anaingia na chakula mwenyewe. Mimi nilikaa jikoni nikisikiliza wanavyoongea Kinyakyusa, nikitafuta humo neno lolote linalonihusu. Kinyakyusa changu ni cha sokoni. Nilimuuliza mume wangu usiku wa kwanza na siku zilizofuata, "Baba amesema nini juu yangu?" Akajibu, "Hajasema kitu." Nikasema, "Muulize." Akasema, "Siwezi kumuuliza baba hivyo."

Nilianza kumkasirikia mzee. Ndiyo, nilimkasirikia, naona aibu kuandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliwaza, kwa nini hukuniita? Neno moja tu. Hata kugonga ukuta kwa kisigino. Mila gani hiyo inayomfanya mtu akubali kufa kwa heshima huku mwenzake yuko ukuta wa pili? Niliwaza kwamba alikuwa ananichukia, au ananiona mchafu, au alikuwa anataka nije nilaumiwe. Halafu nakumbuka ule mkono usoni, hasira yote inaisha, inabaki ile ya kujikasirikia mwenyewe.

Kidonda kilipoanza kufunga, mzee akasema anarudi kwake Rungwe. Mdogo wake mume wangu angemwangalia kule, pamoja na mkewe. Hakuna aliyesema kwamba anaondoka kwa sababu nimemshika. Hakuna aliyesema kwamba si kwa sababu hiyo.

Siku ya kuondoka palikuwa na baridi ile ya Mbeya ya asubuhi, ukungu umekaa juu ya mabati. Mume wangu alikuwa mbele anapanga mizigo kwenye gari. Nikatoka na beseni la nguo kwenda kuanika uani, nikidhani mzee yuko huko mbele pia. Kumbe alikuwa uani, amekaa kwenye benchi karibu na tenki la maji, koti limefungwa mpaka shingoni. Mazoea yakanigeuza. Nikampa mgongo, nikaanza kurudi ndani.

Akakohoa. Kisha akasema, kwa Kiswahili, maana alijua Kinyakyusa sitakielewa vizuri, "Simama hapo hapo, mama."

Nikasimama, beseni mkononi, uso kwenye ukuta wa jikoni. Sauti ile niliijua kwa kupigia kelele simu tu. Bila kelele ilikuwa ndogo.

"Unasema sana na mume wako juu ya ile siku. Ananiambia. Unataka kujua kwa nini sikukuita."

 Niliitikia kwa kichwa, sijui kama aliona.

"Mara ya kwanza ulipoita, nilikuwa nimeshaanguka. Nikawaza nitanyanyuka mwenyewe. Mara ya pili, sauti yangu ya kukuitikia ilikuwepo bado. Lakini nilikuwa nimejikojolea. Nikasema, huyu asinikute hivi."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye nguo, yananilowesha miguu.

"Halafu baadaye nikaona nakufa kweli," akasema. "Hapo nikataka kukuita. Nilivuta pumzi kabisa nikuite. Ndipo nikakusikia unacheka. Tangu nimekuja nyumba hii sijawahi kukusikia unacheka vile. Nikajisemea, acha mtoto wa watu afurahi kwanza."